Moyo wa Mgonjwa wa Uzinduzi

Nchi ninayoisimulia haipo. Nawaomba wale waliowahi kuishi humo wasinisute mbele za watu.

Ni nchi nzuri. Ina mito, ina barabara, ina Mgeni Rasmi. Mgeni Rasmi ndiye mkuu wa nchi, na amekaa kwenye cheo hicho miaka mingi hata jina lake la kuzaliwa limesahaulika. Nasikia mwenyewe hulisoma kwenye kitambulisho akilihitaji. Kazi yake ni kukata utepe. Kwetu hakuna kitu kinachoruhusiwa kutumika kabla yeye hajakikatia utepe. Daraja la Mto Mweupe lilikamilika, likafungwa utepe mwekundu, na kwa miaka mitatu tulivua viatu tukapita majini chini yake huku tukilisifu. Choo cha soko kuu nacho kilikuwa na utepe. Kuhusu soko kuu sitasema zaidi.

Wakati huo mimi nilikuwa Idrisa Mtupa, Afisa Itifaki Daraja la Pili wa Hospitali Kuu. Nasema "wakati huo" kwa sababu utakayoiona. Kazi yangu ilikuwa kupanga viti, kuangalia maua yasinyauke, na kutunza orodha ya nani yumo na nani hayumo. Niliipenda kazi yangu. Watu wakiniona na kalamu walikuwa wananinyenyekea, na mimi nilikuwa napenda kunyenyekewa. Sioni kwa nini nifiche.

Ndipo ikaja mashine.

Ilikuja katika makasha kumi na moja, ikasimikwa chumba cha upasuaji namba nne, ikafungwa utepe. Dokta Ndeshi, bingwa wa magonjwa ya njia ya mkojo, ambaye alikuwa amekaa ng'ambo miaka miwili akijifunza kuiendesha, alitueleza kwa subira. Zamani, alisema, mwanamume aliyevimba tezi dume alipasuliwa tumbo. Baadaye zikaja roboti zenye mikono minne, kila mkono na tundu lake. Hii yetu ina mkono mmoja tu, mwembamba kama pampu ya baiskeli. Unaingilia tundu moja karibu na kitovu, na ukishafika ndani unachanua vidole: kimoja kina kamera, vingine vina mkasi na koleo. Daktari anakaa pembeni, macho kwenye kisanduku cha kutazamia, anachezesha vidole vyake, na vile vya ndani vinamfuata. Mgonjwa kesho yake anakwenda nyumbani.

"Kwa hiyo haikati yenyewe?" akauliza Waziri wa Afya, Mashine na Mapokezi.

"Hapana, Mheshimiwa. Nakata mimi."

"Hilo usiliseme mbele ya Mgeni Rasmi. Anayekata ni yeye."

Wiki ileile Waziri akahutubia taifa. "Ndugu wananchi! Mwili wa raia ni mali ya umma. Kuutoboa matundu manne pale linapotosha moja ni ubadhirifu, na serikali hii haitavumilia matundu yasiyo na mpango!" Watu wakapiga makofi. Kufikia Ijumaa ikatangazwa Sera ya Tundu Moja, na madirisha kumi na moja ya mapokezi ya hospitali yakazibwa kwa matofali, likabaki moja. Foleni ilizunguka jengo zima mpaka kichwa chake kikakutana na mkia. Kwa siku mbili watu walisogea mbele bila kusimama, na hakuna aliyefika popote. Ripoti ilisema foleni inakwenda vizuri.

*

Uzinduzi unahitaji mgonjwa. Kamati ilitaka mtu maskini lakini msafi, mzee lakini anayeweza kupunga mkono, na ambaye hajawahi kulalamika kwa maandishi. Tukampata Mzee Kondo Mshamu, fundi redio wa Mtaa wa Ghalani. Tezi ilikuwa imemziba kabisa. Alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, na mfuko wake aliubeba ndani ya kikapu kidogo cha ukindu, kimefunikwa kitambaa safi, ili asiwakere watu. Kikapu hicho alikisuka mkewe, Bi. Zena. Wangekutana nawe njiani ungedhani wanatoka sokoni.

Watu wa usalama walimchunguza miezi mitatu. Walihoji majirani, wakafungua redio zake zote kuangalia zinasikiliza nini. Alipopita, nikaandika jina lake kwenye orodha kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu hapo hakuna daktari aliyeruhusiwa kumgusa, maana kanuni ilikuwa wazi: Mgonjwa wa Uzinduzi ataugua ugonjwa uleule, kwa kiwango kilekile, hadi siku ya uzinduzi.

Siku ya uzinduzi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Ili tusisahau, kila Jumanne asubuhi tulifanya mazoezi. Mzee Kondo alilazwa kitandani, akapunga mkono. Dokta Ndeshi alizamisha macho kwenye kisanduku. Mkono wa mashine ulishuka taratibu mpaka shubiri moja kutoka kitovuni, ukasimama. Waziri alikata uzi wa mazoezi, tukapiga makofi, kisha Mzee akashuka, akachukua kikapu chake, akaenda zake.

"Mimi redio nafungua kifuniko chote," alimwambia daktari siku moja akifunga vifungo vya shati. "Kumbe wewe ungeitengeneza kwa kupitia tundu la waya."

"Ningejaribu, Mzee wangu."

"Hiyo ndiyo kazi. Nakuonea wivu, mwanangu." Wakacheka wote wawili. Alikuwa na alama nyeusi kwenye kidole cha shahada, alipounguzwa na chuma cha kulehemu, na kila aliposema jambo la ufundi kidole hicho kilitangulia.

Tulifanya mazoezi Jumanne thelathini na moja.

Baada ya Jumanne hiyo ya mwisho Dokta Ndeshi alikuja ofisini kwangu na Fomu Namba Tisa, ya Kumwachia Mtu Aliye Kwenye Orodha. Alikuwa ameshaijaza yote. Ilibaki sahihi yangu.

"Idrisa, figo zake zinachoka. Mpira umeanza kuziba, mkojo unarudi nyuma, damu imeanza kuchafuka. Niachie nimpasue kwa njia ya zamani, keshokutwa, kwa kisu. Nimeshawapasua hivyo mamia."

"Daktari, tukimtoa huyu tutachunguza mwingine miezi mitatu. Tuvute subira kidogo. Mgeni Rasmi yuko njiani."

"Njiani wapi?"

Sikujua. Niliichukua fomu nikaiweka kwenye mtoto wa meza. Sikukataa. Kwetu hatukatai, tunaweka kwenye mtoto wa meza.

Kesho yake akaja Mzee mwenyewe, amevimba miguu, amesimama mlangoni na kikapu chake. "Mwanangu, nasikia karatasi yangu iko kwako."

"Ipo, Mzee. Inashughulikiwa."

Aliniangalia, akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyeletewa redio anayojua haitaongea tena. "Haya. Usihangaike sana," akasema.

Maneno hayo matatu nimeyabeba mpaka leo.

*

Siku ya uzinduzi ilifika kweli. Mgeni Rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi, hivyo kwa mujibu wa itifaki mgonjwa akalazwa saa kumi na mbili. Saa tatu ikapita. Ngoma zikapigwa, zikachoka. Saa tano Mzee Kondo alikuwa anahema juujuu na mikono yake ilikuwa ya baridi. Dokta Ndeshi aliniita mara mbili kwa macho. Mimi nilitazama maua.

Saa sita Mzee akaniuliza, "Ameshafika?"

"Bado kidogo, Mzee."

"Basi atanikuta."

Hakumkuta. Saa saba na nusu Dokta Ndeshi alitoka nje, akavua barakoa, akasema, "Amekufa, Idrisa." Sauti yake haikupanda. Heri angenipiga kofi.

Nikaenda kumwambia Waziri. Akavaa miwani, akaisoma ratiba kuanzia juu hadi chini.

"Amekufa kwa idhini ya nani? Hapa, kipengele cha kumi na nne: mgonjwa anapunga mkono. Cha kumi na tano: mgonjwa anapasuliwa. Mimi sioni kipengele cha kufa."

"Sitapasua maiti mbele ya watu," akasema Dokta Ndeshi.

"Daktari, una wagonjwa wangapi wa tezi wanaosubiri mashine hii?"

"Mia mbili na kitu."

"Utepe usipokatwa leo, watasubiri kama tulivyolisubiri daraja. Chagua wewe."

Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake, akazamisha macho kwenye kisanduku. Humo hakuna mtu anayeweza kuuona uso wako.

Likabaki tatizo moja, nalo lilikuwa la kwangu. Mashine ya kupimia moyo ilikuwa imenyamaza, na Mgeni Rasmi hapendi kimya. Waziri akaangaza macho chumbani, yakatua juu yangu. Dakika tano baadaye nilikuwa nimevuliwa shati, nimelazwa sakafuni nyuma ya pazia la kijani kando ya kitanda, nyaya zimebandikwa kifuani mwangu, zimepitishwa chini ya pazia mpaka kwenye mashine. Piip, ikasema. Piip. Piip.

Hivyo ndivyo Mzee Kondo alivyofufuliwa, na mimi ndiye niliyemfufua.

Mgeni Rasmi aliingia saa kumi alasiri. Nilisikia viatu, nikasikia mkasi, nikasikia makofi. Kisha nikasikia mkono wa mashine ukishuka, na safari hii haukusimama shubiri moja kabla. Kutoka pale chini nilikuwa naona upenyo mdogo kati ya pazia na kitanda, na ndani ya upenyo huo mkono wa Mzee Kondo ulikuwa umeteleza ukaning'inia, karibu kabisa na uso wangu. Niliiona ile alama nyeusi ya kidole. Kila mashine ilipofanya kazi ndani yake, mkono ule ulitikisika.

"Tazameni, anapunga mkono!" akasema mtu. Wakapiga makofi tena. Kipengele cha kumi na nne.

Niliogopa. Nasema wazi, sijawahi kuogopa vile. Kidole kilikuwa kinanyooka na kurudi, kinanyooka na kurudi, kama anayenifafanulia jambo la ufundi ambalo nimechelewa kulielewa.

"Mbona hakuna damu?" akauliza Mgeni Rasmi.

Chumba kizima kikanyamaza, isipokuwa mimi. Moyo wangu uliruka pigo moja, kisha ukaanza kukimbia: pii-pii-pii-pii-pii.

"Ni teknolojia, Mtukufu," akasema Waziri.

"Na huo moyo, mbona mbio?"

"Ni furaha ya kukuona, Mtukufu."

Mgeni Rasmi akacheka, akaridhika. Akaunyooshea mkasi ule mstari unaorukaruka kwenye karatasi iliyokuwa ikitoka katika mashine ya moyo, akatamka mbele ya mawaziri, mabalozi na wanahabari: "Mwenye moyo huu ataishi sana." Na kwetu, neno la Mgeni Rasmi huandikwa kwenye gazeti la serikali jioni ileile.

*

Bi. Zena alikuwa amesimama kwenye lile dirisha moja tangu alfajiri. Akaambiwa mumewe amepona. Akarudi nyumbani, akawasha redio ambayo Mzee mwenyewe aliitengeneza, nayo ikamwambia vilevile, kwa sauti safi kabisa, kwamba Mzee Kondo Mshamu ni mwanamume wa kwanza nchini kupasuliwa kwa tundu moja, na kwamba hakupoteza hata tone la damu. Akapika. Akangoja.

Kesho yake Dokta Ndeshi alikwenda Mtaa wa Ghalani akamwambia ukweli.

Kuanzia siku hiyo Bi. Zena alikuja kila asubuhi akakaa mbele ya meza yangu na kile kikapu cha ukindu, kitupu, kimefunikwa kitambaa safi. "Mwanangu, nataka nimzike mume wangu."

Mumewe alikuwa chumba cha maiti, droo ya mwisho, bila jina. Jina lake lisingeweza kuandikwa pale, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la waliopona. Kibali cha kuzika hutolewa kwa aliyekufa. Wakubwa walimpa nakala ya ile karatasi ya moyo. "Mama, tazama mwenyewe. Moyo unaodunda hivi hauzikwi."

Na mimi? Nilipanda ngazi, nikasikia piip. Nilipanga viti, piip. Nilikaa msikitini, wote wameinamisha vichwa kimya, nikaubana mkono kifuani nikihofia wenzangu watageuka. Niliuogopa moyo wangu mwenyewe. Mkono wowote ulioning'inia, wa mlinzi aliyesinzia, wa koti kwenye msumari, niliutazama kidole cha shahada kwanza.

Siku ya kumi na moja Bi. Zena aliitandaza ile karatasi juu ya meza yangu, akailainisha kwa kiganja.

"Nimemlalia mume wangu kifuani miaka arobaini na miwili. Moyo wake naujua. Ulikuwa unakwenda taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni. Huu si wake. Huu ni wa mtu mwenye hofu." Akainua macho. "Ni wa nani, mwanangu?"

Ningeweza kusema suala linashughulikiwa. Neno lilikuwa mdomoni.

"Ni wangu, mama," nikasema. Nikafungua mtoto wa meza, nikaitoa Fomu Namba Tisa, nikaitia sahihi. Nilikandamiza kalamu mpaka nikachana karatasi kidogo. Nilikuwa nimechelewa kwa siku ambazo idadi yake kila mmoja wetu aliijua.

*

Iliundwa Kamati ya Ukweli wa Uzinduzi, Waziri akiwa mwenyekiti. Nilieleza yote: nyaya, pazia, sakafu. Dokta Ndeshi akaeleza yote. Kamati ikatusikiliza kwa heshima, ikanywa chai, ikarudi na uamuzi.

"Tumeridhika kwamba shahidi anasema kweli," akasoma Waziri. "Moyo huu ni wake. Mgeni Rasmi alitamka kwamba mwenye moyo huu ataishi sana, na mwenye moyo huu ndiye aliyepasuliwa mbele yake. Mgeni Rasmi hakosei. Kwa hiyo shahidi ndiye Kondo Mshamu, na tunampongeza kwa kupona."

"Mimi ni Idrisa Mtupa," nikasema.

"Mzee, tulia, bado una dawa mwilini. Tukija kwenye suala la pili, chumba cha maiti kina mwili usio na jina. Tumeita majina ya watumishi wote. Aliyekosekana ni mmoja tu, Afisa Itifaki. Alikuwa mchapakazi. Serikali itagharamia sanda."

Dokta Ndeshi akasimama. "Na wagonjwa wangu mia mbili? Utepe si umekatwa?"

"Mashine ile sasa ni ya kihistoria, Daktari. Itakuwa makumbusho. Tumeifunga utepe mwingine tukisubiri uzinduzi wa makumbusho."

Dokta Ndeshi alitoka, na jioni ile alikuwa chumba namba mbili anapasua kwa kisu, mmoja baada ya mwingine. Mpaka leo yuko huko. Mtu pekee aliyewahi kupasuliwa na mashine ile alikuwa amekwisha kufa.

Nilimgeukia Bi. Zena nikitegemea atapiga kelele. Aliuliza jambo moja tu. "Nitapewa nimzike?"

"Utapewa, mama," akasema Waziri. "Kwa jina la Idrisa Mtupa."

"Mungu anamjua kwa jina lake," akasema, akachukua kikapu.

Tulimzika Ijumaa baada ya swala. Jeneza nililibeba mimi, bega la mbele, na lilikuwa jepesi kuliko hofu yangu. Watu wa ofisini walikuja, wakanipita bila kunisalimia, wakalia kidogo. Mmoja alisema marehemu alikuwa hodari wa viti. Kwenye ubao wa kaburi wameandika: Idrisa Mtupa, Afisa Itifaki Daraja la Pili. Mama yangu alishatangulia zamani, namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa mimi ni mgonjwa aliyepona. Nina kitambulisho. Wageni kutoka ng'ambo wakija naletwa, nafunua shati, wanainama kukitazama kitovu changu kwa kioo cha kukuzia. Hawaoni kovu. Wanatikisa vichwa kwa mshangao: hata alama haikubaki! Wengine wamepiga picha.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nakwenda kliniki, maana aliyepona lazima afuatiliwe. Bi. Zena huja pia. Kwenye faili ndiye mke, na mgonjwa haonwi bila msindikizaji. Tunakaa benchi moja, kikapu katikati yetu. Hatuzungumzi sana. Huniletea maandazi.

Jumatano iliyopita karani mpya alitokeza kichwa kwenye lile dirisha moja, orodha mkononi, akaita:

"Kondo Mshamu!"

Sikuweza kuitika. Benchi lote likanyamaza, na katika kimya kile nikausikia moyo, taratibu, taratibu sana, kama mtu anayetafuta stesheni. Haukuwa unakwenda kama wangu.

"Kondo Mshamu! Yupo au hayupo?"

Bi. Zena akanigusa kiwiko. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa mlangoni.

"Itika, mwanangu," akanong'ona. "Itika upesi, asije akaitika mwenyewe."

Nikasimama.

"Nipo," nikasema.